Turbo ilivyoshuka kwenye lori ikapanda Starlet

Kabla kijana yeyote wa Maili Moja, Kibaha, mkoani Pwani, hajawaza kufunga turbo kwenye Toyota Starlet, turbo zilikuwa zimeshazoea kuingia mjini humo zikiwa ndani ya makasha. Zilikuja zimekazwa ubavuni mwa injini za Scania kutoka Sweden, zikapokelewa na TAMCO, kiwanda cha umma kilichokuwa kikiunganisha malori hayo. Chasi, ekseli, giaboksi na kebini vilikutana pale, lori likatoka getini na kushika barabara ya Morogoro. Si kila Scania ya enzi hizo ilikuwa na turbo. Nyingine zilivuta hewa kwa nguvu zao wenyewe, na fundi mzoefu alizijua kwa sikio kabla hajainua kebini.

Naanza na kiwanda kwa makusudi. Habari za turbo za kuungaunga, zinazofungwa kwenye gereji bubu kwa vifaa vilivyofunguliwa kwenye magari mabovu, kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwa vijana na mbio zao za usiku. Kwa maoni yangu zinaanzia kwenye mzigo.

Mwenye wazo la turbo alikuwa mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake Ujerumani Novemba 1905. Aliona kwamba moshi wa eksozi hutoka ukiwa bado una joto na msukumo, kisha unaachwa upotee. Akapendekeza uelekezwe kwenye feni, na feni hiyo, kwa shafti moja, izungushe nyingine ya kusukumia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaungua, na nguvu inapanda bila injini kuongezwa ukubwa. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam kupitia vilima vya Pugu, na moto wa Majimaji ukafika Uzaramo hadi Maneromango. Büchi mwenyewe alisubiri miaka 20 hivi kabla ya ulimwengu kumwelewa: katikati ya miaka ya 1920 injini za dizeli za meli mbili za abiria za Ujerumani zilifungwa turbo zake, na kila moja ikapanda kutoka nguvu ya farasi 1,750 hadi 2,500.

Baada ya meli yalikuja malori. Volvo ilitoa lori la Titan lenye turbo mwaka 1954, likiwa na farasi 185 badala ya 150. Scania ikafuata 1961, na mwaka 1969 ikatoa injini ya V8 ya lita 14 yenye farasi 350, kiwango ambacho hakuna lori la Ulaya lililokifikia wakati huo. Gari dogo lilichelewa, tena lilianza vibaya. Oldsmobile Jetfire ya Marekani, iliyotoka 1962, ilihitaji tangi la ziada la maji yaliyochanganywa na methanoli ili injini isinoki. Wenye magari waliliacha likauke, na mwaka uliofuata gari likaondolewa sokoni.

Aliyeifanya turbo ya petroli iwe ya kwenda nayo kazini kila siku alikuwa Saab, kwa modeli ya 99 Turbo ya mwaka 1977. Wakati huo Saab na Scania zilikuwa kampuni moja, baada ya kuungana 1969, na wahandisi wa gari dogo walikuwa na wenzao wa malori wa kuwauliza. Kwa hiyo hata Sweden kwenyewe turbo ilishuka kutoka kwenye lori. Kibaha ilipokuwa ikipokea injini za Saab-Scania, ilikuwa ikinywa kisima kilekile.

Sikio la raia wa kawaida wa Afrika Mashariki lilizoea neno hili kupitia Safari Rally. Toyota Celica Twin-cam Turbo ilishinda mara tatu mfululizo: Björn Waldegård 1984, Juha Kankkunen 1985, na Waldegård tena 1986. Tanzania ilizifuatilia mbio hizo redioni na magazetini tu. Mashindano yaliyoanza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika yalikuwa yameshabaki Kenya peke yake.

Huku kwetu, miaka hiyo haikuwa ya kuongeza kasi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza akiba ya fedha za kigeni, bei ya mafuta duniani ikapanda, na magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri. Spea ya lori ilipatikana kwa kibali, na kibali chenyewe kilisubiriwa. Lori likikosa beringi moja lilisimama juu ya mawe, kisha likaanza kuliwa polepole: leo redieta, kesho stata. Huo ndio ulikuwa msingi wa elimu ya fundi wa Pwani. Alijifunza kuangalia gari lililokufa na kuuliza nini ndani yake bado ni kizima, na kinaweza kukaa wapi pengine ambapo kiwanda hakikukusudia.

Serikali nayo iliuliza swali hilohilo kwa namna yake. Mwaka 1985, palepale Kibaha, iliundwa taasisi ya teknolojia ya magari chini ya wizara ya ulinzi, ambayo watu wanaijua kwa jina la lori lake: Nyumbu. Mwalimu Nyerere alitaka nchi ijue kutengeneza gari la kazi kwa uwezo wake. Wapo wanaoibeza kwa kuwa Nyumbu hawakuonekana wamejaa barabarani. Sioni kama hicho ndicho kipimo pekee. Ndani ya wilaya moja kulikuwa na kiwanda kinachofundisha kuunganisha na taasisi inayofundisha kubuni, na mji mdogo wa kando ya barabara kuu ukawa na watu wengi wanaojua chuma kuliko ukubwa wake ulivyostahili.

Mlango ulianza kufunguka 1984. Bajeti ya Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Pikapu za Kijapani zikamiminika. Nyingine zikafungwa mabenchi zikawa chai maharage za kubeba abiria, nyingine zikaelekea mashambani. Miaka ya 1990 yakaja magari ya mtumba kutoka Japani kwa wingi, mashirika ya umma yakidhoofika na TAMCO miongoni mwao. Mtu aliyekwisha kufunga injini mia hakusahau kwa sababu geti limefungwa.

Ndani ya mtumba huo kulikuwa na turbo nyingi kuliko wanunuzi walivyojua. Wajapani walikuwa wamezipenda tangu Nissan Cedric ya mwaka 1979, na walizifunga hadi kwenye vigari vya kwendea sokoni. Gari likigongwa likavunjika upande wa nyuma, injini ya mbele ilibaki mali. Ndipo Gerezani na Ilala, jijini Dar es Salaam, yalipojaa injini za used, nyingine zikija zimekatwa pamoja na nusu ya gari. Kwa upande wa malori, barabara ya Morogoro ilijitosheleza: ajali zake ni nyingi, kila kitu kiendacho Zambia na Kongo hupita hapo, na foleni ya mizani ya Kibaha, kabla mizani haijahamia Vigwaza, iliwapa madereva muda wa kutosha kuzungumza na wauza spea.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo hadithi inaponoga.

Chukua Land Cruiser hardtop, ile mkonga, yenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, imetoka 1990 bila turbo. Ni injini ngumu isiyo na haraka. Mwenye gari anataka ipande mlima na mzigo bila kurudi gia ya pili. Fundi anatafuta turbo iliyofunguliwa kwenye injini ya ukubwa unaokaribiana. Jambo la kwanza ni kushika ncha ya shafti kwa vidole na kuitikisa. Shafti ya turbo hukaa kwenye bushi zinazoelea ndani ya oili, kwa hiyo kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mabawa yakiwa na alama ya kugusa ukuta, hiyo ni ya kuacha, hata ikiuzwa kwa bei ya bure. Kifaa hiki huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kasoro isiyoonekana kwa macho hukivunja.

Halafu manifoldi. Ya gari haina mahali pa kukalia turbo, kwa hiyo inachongwa mpya kwa mabomba mazito na vipande vya bamba nene, vikachomelewa. Anayetumia bomba jembamba la eksozi atarudi baada ya muda mfupi kuziba nyufa, kwa kuwa moshi wa dizeli iliyobeba mzigo unafika nyuzi 700 za Selsiasi, na chuma hicho kinapashwa na kupozwa kila safari.

Oili ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji. Ya kuingia huchukuliwa pale ilipofungwa swichi ya presha ya oili, kwa kiungo cha njia tatu na bomba jembamba. Ya kutoka inahitaji bomba pana linaloshuka bila kupanda popote, lirudi kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ukilipinda bomba hilo ili lipite vizuri chini ya stata, oili itajikusanya ndani ya turbo, itapenya kwenye sili, na gari litatoa moshi wa buluu. Mwenye gari ataambiwa turbo ni mbovu, atanunua nyingine, na nayo itafanya vilevile. Nafikiri turbo nyingi zilizotupwa Pwani zilikuwa nzima, zikiwa na bomba la kurudishia oili lililopinda.

Dereva wa lori ana adabu yake hapa: akifika, anaacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Akizima ghafla, oili iliyobaki kwenye shafti yenye moto huungua na kuwa makaa. Wenye magari madogo walirithi turbo bila kurithi adabu hiyo.

Baada ya hapo inakuja skrubu ya pampu. Hewa peke yake haileti nguvu katika dizeli, lazima mafuta yaongezwe, na skrubu hiyo ni rahisi kuizungusha kupita kiasi. Toyota wenyewe walipotengeneza ndugu yake mwenye turbo, 1HD-T, walishusha mgandamizo kutoka 22.4 kwa moja hadi 18.6 kwa moja, wakabadilisha na namna ya kuchoma mafuta. Anayeifunga 1HZ ya kawaida anaibeba ile 22.4 kama ilivyo. Wenye busara wanakomea paundi 7 au 8 za hewa, wanaweka intakula iliyotoka kwenye Fuso au Kenta, na wanafunga geji ya joto la eksozi. Geji ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa haiongezi chochote kinachosikika. Baadaye hedi hupata nyufa na lawama hupewa mafuta ya kituoni.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Jibu lipo upande wa Kisarawe. Kutoka Pugu barabara inapanda vilima, na ukiingia ndani kuelekea Maneromango, au ukikata kutoka Mlandizi kwenda Mzenga na Vikumburu, unakutana na mchanga unaoshika magurudumu kiangazi na tope linalomeza masika. Mihogo, korosho na mkaa vinatoka huko kwa pikapu na Kenta kuukuu. Hilux yenye injini ya 3L isiyo na turbo, iliyopakiwa juu ya uwezo wake, inapanda ikitoa moshi mweusi huku utingo akitembea pembeni na jiwe mkononi. Kumwambia mwenye gari hilo anunue jipya ni kumtania. Tatizo ninaloliona ni la mteremko: nguvu ikiongezeka, mzigo nao huongezwa, na breki zinabaki zilezile gari lilizotoka nazo Japani.

Petroli ni habari tofauti, na hapo vijana huumia. Starlet ya kawaida ina 4E-FE, yenye mgandamizo wa 9.6. Ndugu yake wa turbo, 4E-FTE, ana 8.2, nozeli kubwa zaidi, kontroli boksi yake, na farasi 135 kutoka lita 1.3 tu. Ukichukua turbo peke yake ukaifunga kwenye ile ya kwanza, kontroli boksi haijui kuwa hewa imeongezeka. Mafuta yanapungua, injini inanoki, pistoni inatoboka. Njia fupi na ya bei nafuu, ukihesabu hadi mwisho, ni kununua injini nzima ya turbo pamoja na waya zake, kuibadilisha, kisha kwenda kurekebisha namba ya injini kwenye kadi ya gari. Ndivyo wanavyofanya pia wenye Mark II wanaotafuta 1JZ-GTE. Wenye Subaru mara nyingi hawana haja, kwa kuwa nyingi zilikuja na turbo kutoka kiwandani.

Vyanzo vyenyewe vinabadilika. Tangu mwaka 2017 Mlandizi ina kiwanda cha chuma kinachoyeyusha vyuma chakavu, na mkusanyaji anayepima kwa kilo hana sababu ya kutenga turbo na ngoma ya breki. Eneo la TAMCO limefufuka: yameunganishwa hapo matrekta ya URSUS ya Poland, na kampuni binafsi inaunganisha malori ya Kichina, yote yakiwa na turbo na vifaa vya umeme vya kuiongoza. Toyota nao, kwenye injini ya 1KD-FTV ya Hilux na Prado, waliweka turbo ambayo mabawa yake hufunguka na kujifunga kwa amri ya kompyuta. Ukiihamishia kwenye 3L ya kizamani, isiyo na kompyuta ya kutoa amri hiyo, mabawa hubaki mahali pamoja, na gari huwa zito chini au hukabwa juu. Ndiyo maana fundi wa Kisarawe akikuta CT20, turbo ya zamani ya 2L-T isiyohitaji waya hata mmoja, huinunua hata kama hana gari la kuifunga.