Mkonge wa Voi na mazulia ya sebule zetu

Ukiishika barabara ya Voi kwenda Taveta, unapokaribia Mwatate unaanza kuuona mkonge: mistari iliyonyooka, rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu, mpaka chini ya vilima vya Taita. Teita Estate ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge duniani. Karibu na mji wa Voi pia mkonge upo, na tembo wa Tsavo wanaujua vizuri kwa sababu huingia kuula. Singa za mkonge wa Kenya husafirishwa ng'ambo, na sehemu yake hufumwa mazulia ya kutandikwa katika sebule za watu walio mbali sana na hapa.

Sasa ingia nyumba ya Mwakingali, Sofia au Birikani. Chini utakuta mkeka wa mbao, ile plastiki iliyochorwa mfano wa mbao, na juu yake kapeti ya manyoya iliyotoka Uturuki au China. Mkonge haupo, isipokuwa labda kikapu kimoja kilichotundikwa jikoni. Namna tulivyofikia hali hiyo ni historia inayostahili kusimuliwa, kwa sababu zulia la sebuleni Voi limefungamana na bahari, reli, vita na kiwanda cha plastiki.

Zamani sakafu ya nyumba nyingi za huku bara ilikuwa udongo ulioshindiliwa na kupakwa samadi, na mtu alikalia kigoda au ngozi. Pwani kulikuwa na mkeka. Wanawake walisuka ukili kwa majani membamba ya mkindu, wengine wakayatia rangi kwanza, kisha wakaushona ukili kwa sindano ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukapata upana. Jamvi lilikuwa la kazi ngumu zaidi: msibani, harusini, mahali popote watu wengi walipokaa chini. Watu wa pwani waliofuata reli hadi Voi walikuja na mikeka yao, na mpaka leo kwenye hitma au maulidi bado hutandikwa.

Zulia lenyewe, la sufu na lenye maua, lilikuja kwa jahazi. Kila msimu wa kaskazi, vyombo kutoka Uajemi, Kuwait na Omani viliingia Bandari ya Kale ya Mombasa vikiwa na tende, samaki wakavu, masanduku ya njumu na mazulia ya Kiajemi. Upepo ulipogeuka vikarudi vimejaa boriti za mikoko. Biashara hiyo ilidumu mpaka karne ya 20 ilipokuwa imeenda mbali, kisha ikafifia. Zulia la jahazi lilikuwa la msikiti, la tajiri, la chumba cha wageni ambacho watoto hawakuruhusiwa kuingia. Heshima hiyo ya zulia haijatutoka. Hata leo mgeni anavua viatu mlangoni bila kuambiwa akiona zulia.

Reli ilipita Voi ikafika Tsavo kufikia Machi 1898, na kwa wazungu walioiona nyika hii kwa mara ya kwanza, kimojawapo cha vilivyovutia kilikuwa katani pori, ule mmea wenye majani kama mapanga unaojiotea wenyewe chini ya miiba. Wenyeji walikuwa wakitoa nyuzi zake tangu kale kwa kamba na mitego. Walowezi wakajaribu kuuvuna kibiashara, lakini ni mmea mgumu kukusanya na haukuweza kushindana na jamaa yake kutoka Mexico.

Jamaa huyo alifika kwa mlango wa Wajerumani. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika pwani ya Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yakazaliwa mashamba ya Tanga yote, na muda si mrefu mmea ukavuka mpaka kuingia Kenya.

Taita Taveta iliufaa mkonge. Mvua ni chache, jua ni kali, na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikaleta reli ya pili. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Waingereza wakajenga njia ya reli kutoka Voi kuelekea magharibi ili wapeleke askari, chakula na hasa maji. Mwaka 1916 wakaingia nayo Tanganyika na kuiunganisha na reli ya Moshi. Makaburi ya vita hivyo yako Voi na Taveta mpaka leo. Reli iliyowekwa kwa ajili ya mizinga ikabaki kubeba mazao. Upande wa Taveta, Ewart Grogan, yule aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alilima mkonge na miaka ya 1930 akajenga juu ya kilima ile nyumba inayoitwa ngome yake. Wataita wenyewe walipata vibarua, na walipoteza ardhi. Malalamiko ya mipaka ya mashamba hayo hayajaisha, na ni haki yasikizwe, maana zaidi ya nusu ya kaunti ni mbuga ya Tsavo na kinachobaki kwa mwananchi ni kidogo.

Kazi ya mkonge ni nzito kuliko wanunuzi wa mazulia wanavyofikiria. Majani hukatwa kwa mkono, moja moja, na ncha ya kila jani ni mwiba unaoweza kumtoa mtu jicho. Mafurushi hupelekwa haraka kwenye mashine ambayo wafanyakazi wa Tanga huiita korona, inayoponda jani na kukwangua nyama yake huku maji yakimiminika. Katika kila kilo 100 za majani, singa zinazopatikana ni kama kilo 4. Zinaanikwa kwenye nyaya juani, zinapigwa brashi, zinapangwa kwa madaraja ya urefu na weupe, kisha zinafungwa marobota. Mmea wenyewe unaishi miaka kumi hivi, unatoa mlingoti mrefu wenye maua, halafu unakufa.

Katika enzi zake mkonge ulikuwa kamba kwanza. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, nyuzi za manila za kamba za meli zikawakatikia Waingereza na Wamarekani, na mkonge wa Afrika Mashariki ukawa mali ya vita. Bei ilipanda tena wakati wa vita vya Korea. Kisha mwaka 1957 polipropilini ikaanza kutengenezwa viwandani. Ndani ya miaka kumi na kitu kamba ya plastiki ilikuwa imechukua soko la kamba ya mkonge, bei ikaanguka, na mashamba mengi ya Kenya na Tanzania yakageuka vichaka.

Plastiki hiyo haikuishia kwenye kamba. Polipropilini na ndugu yake poliesta ndizo nyuzi za mazulia mengi yanayofumwa kwa mashine Uturuki na China, yanayoshushwa Mombasa kwa kontena na kuuzwa Voi kwa futi: 5 kwa 8, 6 kwa 9, 7 kwa 10. Kilichoangusha bei ya mkonge ndicho tunachokikanyaga kwenye sebule zetu, kilomita chache tu kutoka mashambani. Wakati huohuo, Ulaya na Marekani wapambaji wa nyumba waliuchukua mkonge kuwa zulia la kifahari, kwa rangi yake ya asali na mfumo wake ulio wazi. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2009 kuwa mwaka wa kimataifa wa nyuzi za asili, na mkonge ulikuwa mojawapo.

Je, zulia la mkonge linafaa nyumba ya Voi? Kwa maoni yangu, kwa sebule linafaa kuliko la manyoya. Udongo wetu ni mwekundu, ule uliowapa tembo wa Tsavo rangi yao, na vumbi lake hupenya hata dirisha likifungwa. Kapeti ya manyoya hulimeza vumbi hilo na kulificha ndani. Zulia la mkonge halina manyoya, hivyo vumbi hukaa juu au hushuka chini yake, na ukilikunja na kulipiga nje linatoka. Mchana wa Januari, miguu haitokwi jasho juu yake. Rangi yake ya asili huelewana na sakafu ya saruji iliyopakwa nyekundu, ambayo nyumba nyingi za zamani za mjini bado zinayo, na leso au mito ya rangi kali huchangamka juu yake.

Lina adui mmoja: maji. Chai ikimwagika, ibonyeze kwa kitambaa kikavu mara moja, usiisugue, wala usilifue zulia zima kwa maji na sabuni kama tunavyofua ya manyoya, maana litajikunja na kuacha madoa. Kwa hiyo lisiwekwe jikoni wala mlango wa bafu. Mtoto anayetambaa atalalamika kwa ukwaruzo wake, basi mtandikie leso au mkeka mwembamba juu. Na kabla ya kununua zulia lolote, pima chumba. Kosa linaloonekana zaidi ni zulia dogo linaloelea katikati huku makochi yakiwa mbali nalo. Angalau miguu ya mbele ya makochi ikanyage zulia, na ukutani ubaki ukanda wa sakafu kuzunguka. Chumba kikiwa finyu, zulia la duara chini ya meza ndogo linatosha.

Mafundi hawajapotea. Wanawake wa Taita, wakiwemo wa Kasigau, husokota singa pajani, huzitia rangi na kusuka vikapu ambavyo vinauzwa hadi ng'ambo. Kikapu huanzia kitakoni, kwa duara linalopanuka. Duara hilohilo likiendelea bila kupandishwa juu ni zulia. Kinachohitajika ni uzi mnene zaidi, mnunuzi wa uhakika, na kwa mazulia makubwa ya mstatili, kitanda cha kufumia na mtu wa kufundisha.

Hapo ndipo serikali ya kaunti inapaswa kuingia. Ina vyuo vya ufundi, ina vikundi vya akina mama vilivyosajiliwa, na ndani ya kaunti kuna mashamba yanayotoa singa. Ianze kwa kununua mazulia ya ofisi zake kwa wafumaji wa Taita Taveta. Nawe msomaji, ukihitaji zulia, mtafute kwanza mama anayesuka vikapu, umpe vipimo vya sebule yako na umuulize anaweza kukusukia kwa siku ngapi.