Kizingiti na Mwenye Nyumba

Kizingiti, katika lugha yetu, ni kile kipande cha mti au jiwe kilalacho chini ya mlango. Na pia ni kila kizuizi kimkabilicho mtu njiani mwake. Maana ya pili imezaliwa na ile ya kwanza. Aliyewahi kuingia katika nyumba za mawe za Unguja au Lamu anajua kwamba milango ile mizuri, yenye nakshi, haipitwi bila kuinua mguu. Mara nyingi hufunguliwa ubawa mmoja tu. Ndani mna ngazi za mwinuko mkali, kwa kuwa vyumba vya wenyewe viko juu. Mafundi wale waliijua kazi yao barabara, lakini aendaye kwa magongo hawakumweka katika hesabu.

Nyumba ya Kiswahili, kama tuionavyo katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, ina ukarimu zaidi. Haina ghorofa. Ukumbi hupita katikati, vyumba viko kuume na kushoto, na nyuma kuna ua. Mbele kuna baraza, na hapo mtu asiyeweza kutembea huketi na wenzake, akacheza bao, akaamkiwa na wapitao, akatoa rai yake katika mambo ya mtaa. Hiyo ni sifa kubwa. Hata hivyo, baraza imeinuliwa ili kuzuia maji ya mvua, na huyo mzee huketi pale kwa sababu amebebwa.

Lugha imetangulia nyumba. Zamani tulisema kiwete, kiziwi, kipofu, maneno yaliyovaa kiambishi cha vitu, ijapokuwa upatanisho wake (walimu watatuunga mkono) ni wa watu. Baadaye likaenea neno mlemavu, na leo twasema mtu mwenye ulemavu. Mtu ametangulizwa, ulemavu ukafuata. Lakini mtu huyo, aliyekwisha kupewa heshima ya neno, bado huachwa nje ya mlango.

Sheria nazo zilikwenda kwa hatua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaka kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatenga watoto, wazee na wasiojiweza kuwa wastahili kutunzwa na jamii. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria mbili, moja ya ajira na moja ya matunzo ya walemavu. Zilikuwa sheria za huruma na kazi. Mlango haukuwa shabaha yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ulibadili fikira hiyo, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaifanya njia ya kuingia katika majengo kuwa haki. Wakati huo majumba mengi yalikwisha kusimama, yakiwamo maghorofa ya Michenzani, Unguja, yaliyoanza kujengwa baada ya mpango wa mji wa mwaka 1968.

Hapa wanafunzi na wachukue rula. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba mteremko wa kiti cha magurudumu uwe na urefu wa mara 12 ya kimo chake. Baraza ya sentimita 60 yataka mteremko wa mita 7 na sentimita 20. Katika uchochoro, mita saba zitatoka wapi? Ndiyo maana tunashikilia kwamba hesabu hii ifanywe kabla ya msingi kuchimbwa, pale fundi anapoweza kushusha sakafu na kupanua mlango kwa gharama ndogo, akisubiri, atabomoa.

Tena asiishie mlango wa mbele, ambao wageni huuona. Atazame na choo cha uani. Penye maji ya ardhini yaliyo karibu, shimo huinuliwa juu ya ardhi, na mtu hupanda vidaraja kukifikia. Mlango wake mara nyingi ndio mwembamba kuliko yote nyumbani, na ndani hamna cha kushika. Huko ndiko mwenye nyumba humngoja mtu wa kumsaidia, asubuhi na usiku.