Kifafa na masomo ya mtoto: Masisi na Walikale

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizwi kwa mate wala kwa povu. Tunaanza hapo kwa sababu mara nyingi hofu hiyo ndiyo inayomtoa mtoto shuleni, kabla ugonjwa wenyewe haujamzuia.

Sababu zake ni nyingi: uzazi mgumu, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa. Kando ya mito yenye maji ya mbio, watafiti wameona kwamba kifafa huenda pamoja na upofu wa mto, unaoletwa na vijidudu vyeusi vinavyouma. Kwa hiyo Mectizan inapogawiwa, tusiikatae.

Mwenye kifafa si mjinga. Wengi hujifunza kama wenzao. Lakini iko aina isiyoangusha: mtoto anakodoa macho sekunde chache, kalamu inasimama, kisha anaendelea. Amekosa sentensi nzima ya imla, na mwalimu anamchapa kwa uzembe! Mwingine, baada ya kuanguka, analala na kusahau somo la asubuhi. Fenobabitali nayo, dawa ya bei nafuu, huweza kuleta usingizi au utundu. Mzazi amweleze mwuguzi. Asipunguze vidonge mwenyewe.

Kuacha dawa ghafula ni hatari, kwa maana degedege linaweza kufuatana bila kukoma na hata kuua. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-Centre mwezi wa Januari na Walikale mwezi wa Machi, na watu wakakimbia. Vidonge na karatasi ya kituo cha afya vikae katika mfuko unaobebwa kwanza.

Sisi wachungaji tunakimbilia kukemea pepo kwa kutaja kijana wa Marko 9. Katika kisa hicho hicho, Yesu alimwuliza baba kwanza: hali hii ilianza lini? Mwuguzi naye huuliza hivyo. Tuombe, na mtoto aendelee kumeza dawa. Mchungaji anayeagiza vidonge vitupwe anakosea, hata akiwa mmoja wetu.

Mtoto akianguka darasani, alazwe kwa ubavu, mawe na madawati yaondolewe, asishikwe kwa nguvu wala kutiwa kitu mdomoni. Dakika tano zikipita, apelekwe kituoni. Mwalimu aandike siku, saa na muda wa kila tukio, na mzazi aende na daftari hilo kwa mwuguzi, ambaye hakuwapo mtoto alipoanguka.