Si Mimi!

Ukitaka "I didn't do it" ya Bart Simpson izungumze Kiswahili, usimwambie aseme "Sikufanya". Mtoto aliyekutwa na vipande vya glasi miguuni hatafuti kitenzi. Husema "Si mimi!", basi.

Katika sehemu ya katuni The Simpsons iliyorushwa Februari 1994, Bart ni kijana wa kutumwatumwa studioni kwa chale Krusty. Siku moja anaingizwa jukwaani kuziba pengo, anaangusha mapambo yote, kisha anawakodolea macho watazamaji: si mimi. Ukumbi unaangua kicheko. Muda si muda maneno hayo yako kwenye santuri na midoli.

Maneno ya namna hiyo tuyaiteje? Kaulimbiu haifai, mbiu hupigwa kukiwa na jambo la kutangaza. Msemo nao ni wa kila mtu, hauna mwenyewe. Mimi nimetua kwenye kibwagizo, kile kipande cha wimbo ambacho ukumbi unakisubiri ili uupokee. Tena nasikia kubwaga humo ndani, na mtoto huyu kabwaga jukwaa zima.

Shida inaanza anapotaka kusema kitu kingine. Anaalikwa kwenye kipindi cha Conan O'Brien (aliyekuwa mwandishi wa The Simpsons kabla ya kupata kipindi chake mwaka 1993, kwa hiyo anajicheka mwenyewe). Bart anaanza kueleza misitu ya mvua inavyoteketezwa. Conan anamkata: toa yale maneno yako. Hapo Kiswahili kinanipa neno ambalo sikulitafuta. Mwenye kauli kwetu ni yule ambaye akinena, watu hutulia wamsikilize. Bart ana kibwagizo, hana kauli. Maarufu ni kweli, maana neno hilo tulilolitoa Uarabuni ladai tu kwamba mtu ajulikane. Kwa lipi, halisemi. Kuaminika ni hesabu nyingine kabisa.

Kisha siku moja anasema "si mimi" na ukumbi haucheki. Krusty anamwambia amekwisha.

Nyumbani wanamliwaza kwa namna yao: kila mmoja anatoa kibwagizo chake, "D'oh!" ya baba yake Homer ikiwemo. Dada yake Lisa anachoka nao, anasema anayemtaka atamkuta chumbani. Anaulizwa, hicho nacho ni kibwagizo gani? Masikini Lisa. Sentensi yake ilikuwa na habari ndani, na kitenzi juu yake.