Upinde wa Wakamba: Wepesi, Usahihi na Utendaji Wake Porini

Upinde wa Wakamba ni silaha ya kuwindia iliyotumiwa katika nchi kavu ya Ukambani, hasa katika maeneo ambayo leo ni kaunti za Kitui, Makueni na Machakos. Ni silaha nyepesi, ya gharama ndogo na isiyo na kishindo. Ilitumika kupata nyama ya paa na swala, kulinda mashamba, kupigana vita, na katika karne ya 19 kuwapata ndovu ambao pembe zao zilisafirishwa hadi Mombasa. Makala haya yanaeleza muundo wake, kiasi cha usahihi wake, jinsi ilivyofanya kazi porini, na nafasi yake mbele ya sheria ya Kenya.

Mazingira

Anayesafiri leo kwa barabara ya Kibwezi, Mutomo, Kitui, Kabati na Migwani anaipita nchi ambayo silaha hii ilizoeleka. Kusini, upande wa Kibwezi, Makueni inapakana na hifadhi ya Tsavo na vilima vya Chyulu. Kaskazini, kuanzia mji wa Kitui hadi soko la Kabati, ardhi huinuka na mashamba husongamana. Katikati na mashariki kuna vichaka vya miiba na migunga ambamo mtu haoni mbali. Wanyama waliowindwa hapo ni digidigi, funo, swala pala, swala twiga na tandala mdogo.

Mazingira hayo ndiyo yanayoieleza silaha yenyewe. Katika uwanda wazi mwindaji huhitaji chombo kinachofika mbali. Ndani ya kichaka, mnyama huonekana akiwa karibu, tena kwa muda mfupi, kupitia mwanya mdogo wa matawi. Hapo kinachofaa ni silaha isiyolemea bega, inayopita kati ya miiba, na isiyowashtua wanyama wengine inapotumika.

Muundo

Upinde hutengenezwa kwa ufito mmoja wa mti mgumu unaopindika bila kuvunjika, mara nyingi wa jamii ya mkole. Ufito huchongwa ukiwa mnene katikati na mwembamba kuelekea ncha zote mbili, kisha hufungwa ugwe wa kano za mnyama. Kwa Kikamba upinde huitwa uta. Upinde mzima haufiki kilo moja, ilhali bunduki nyepesi ya kuwindia swala ina uzito wa kilo tatu hivi kabla ya kuwekewa darubini.

Mshale ndio wenye ufundi zaidi. Uti wake lazima uwe mnyoofu, kwa sababu uti uliopinda kidogo tu hupotoka unapoachia ugwe. Mkiani hufungwa manyoya ya ndege, mengi yakiwa ya tai, yanayoufanya utulie hewani. Mbele kuna kipande kinachochomekwa bila kukazwa, chenye chembe ya chuma na sumu. Mnyama akifumwa na kukimbia, uti huchomoka na kuanguka huku chembe ikibaki mwilini. Mwindaji huuokota uti wake, na papo hapo hupata mahali pa kuanzia kufuata nyayo.

Chuma chenyewe kilipatikana nyumbani. Wahunzi wa Kikamba walikusanya mchanga wenye chuma kwenye vijito, wakauyeyusha na kufua vichwa vya mishale. Baadaye misumari ya dukani ilichukua nafasi ya chuma hicho. Kila mwindaji alichora alama yake au ya ukoo wake kwenye mshale, na alama hizo zilimaliza ugomvi wa nani aliyemfuma mnyama kwanza. Mtafiti Gerhard Lindblom kutoka Uswidi, aliyeishi Ukambani mnamo 1911 na 1912, aliziandika alama hizo katika kitabu chake kuhusu Wakamba.

Sumu

Upinde mwepesi una nguvu ndogo. Mshale wa gramu 40 unaokwenda mita 50 kwa sekunde una nishati ya jouli 50. Risasi ya gramu 9 inayokwenda mita 850 kwa sekunde ina jouli zaidi ya 3,000. Risasi huua kwa kupasua viungo. Mshale wa Kikamba ulihitaji tu kuifikisha sumu kwenye damu.

Sumu hiyo hutoka kwenye mti ambao Wakamba huuita kivai na Waswahili huuita msunguti. Ndani yake mna kemikali ya uabaini, ambayo mkemia Mfaransa Albert Arnaud aliitenga mwaka 1888. Uabaini huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu katika seli za moyo. Mapigo huvurugika, kisha moyo husimama. Kwa kuwa tumbo la binadamu huifyonza kwa kiasi kidogo sana, nyama ya mnyama aliyefumwa ililiwa baada ya kukata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha.

Sumu hii haina huruma na kosa la mtumiaji. Mkwaruzo mdogo wa chembe iliyopakwa unaweza kumuua mtu. Ndiyo maana wawindaji walizifunga chembe kwa utepe mwembamba wa ngozi na kuufungua pale tu mnyama alipokuwa karibu. Ngozi hiyo pia iliizuia sumu isikauke na kupoteza nguvu.

Usahihi

Usahihi wa silaha yoyote ya kurusha huamuliwa na mambo matatu: kama kila kinachorushwa huondoka kwa namna ileile, kinavyoanguka njiani, na jinsi mtumiaji anavyokadiria umbali. Kwa upinde, jambo la tatu ndilo zito kuliko yote.

Mshale wa mita 50 kwa sekunde hufika umbali wa mita 20 kwa sehemu nne za kumi za sekunde, na katika muda huo mvuto wa dunia huuangusha karibu sentimita 80. Kwa mita 40 muda huwa maradufu, lakini anguko huwa mara nne, yaani zaidi ya mita tatu. Mpigaji hulifidia anguko hilo kwa kuinua mkono, na hapo ndipo makadirio mabaya humwangusha. Akidhani swala yuko mita 20 kumbe yuko 15, mshale hupita sentimita 15 juu ya alipolenga, na bado huenda ukaingia mwilini. Akidhani yuko mita 40 kumbe yuko 35, hukosea kwa sentimita 34, na kimo cha digidigi mzima hakizidi hicho kwa kiasi kikubwa. Bunduki haina shida hiyo kwa umbali wa kawaida: risasi ya mita 800 kwa sekunde huanguka kama sentimita 8 tu katika mita 100.

Kuna tatizo jingine. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, haraka kuliko mshale. Swala husikia mlio wa ugwe kabla ya kufikiwa, na katika mita 40 ana zaidi ya nusu sekunde ya kuruka. Hivyo mwindaji hodari aliufupisha umbali kwanza. Alinyatia akielekea upepo unakotoka, au alivizia penye maji na kwenye mapito ya wanyama, hadi akawa hatua chache tu kutoka kwa windo. Ulengaji mzuri ulianza miguuni mwake, muda mrefu kabla ya mkono kuushika ugwe.

Utendaji porini

Mara chache mnyama aliyefumwa alianguka hapohapo. Mkubwa aliweza kwenda mbali kabla sumu haijamaliza kazi, na kusoma nyayo kukawa nusu ya uwindaji. Stadi hiyo iliwapa Wakamba sifa kubwa, na wawindaji wa Kizungu waliofika Kenya katika karne ya 20 waliwaajiri mara kwa mara kama wafuatilia nyayo.

Uwezo wa silaha hii kwa wanyama wakubwa ulithibitishwa na biashara ya pembe. Mfanyabiashara Kivoi wa Kitui aliongoza misafara hadi pwani, na ndiye aliyemkaribisha mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Majirani wa Wakamba, Waata au Waliangulu wa Tsavo, walitumia upinde mzito zaidi unaohitaji kani ya kilo 45 na zaidi kuuvuta. Ule wa Wakamba ulikuwa mwepesi zaidi, ukitegemea sumu na ukaribu.

Fundisho hilo la ukaribu linapatikana hata kwa watumiaji wa bunduki. W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya milimita 7, wakati wenzake wakibeba bunduki nzito. Alijua umbo la ndani la mnyama na alisogea karibu. Chombo chepesi kilitosha kwa sababu kilifika mahali panapostahili.

Kasoro ya upinde nayo haifichiki. Mshale uliopiga pembeni, au wenye sumu iliyochakaa, humwacha mnyama na jeraha na mateso ya siku nyingi.

Sheria na hali ya sasa

Serikali ya kikoloni iliweka leseni za kuwinda ambazo mwanakijiji hakuweza kuzipata, na uwindaji wa upinde ukageuzwa kuwa ujangili. Tsavo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na katika 1956 na 1957 ilifanyika operesheni kubwa dhidi ya wawindaji wa Kikamba na Waata. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa kujifurahisha. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilifanya hata kuwinda kwa ajili ya chakula kuwa kosa, kwa faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili.

Marufuku hayo yana sababu. Ukimya uliokuwa sifa ya upinde ndio unaomficha jangili asisikike na askari. Satao, ndovu mashuhuri wa Tsavo Mashariki, aliuawa kwa mshale wa sumu mwezi Mei 2014.

Hukumu ya haki ni hii: kwa uzito, gharama na mazingira yake, upinde wa Wakamba ulikuwa silaha bora, na ubora wake ulitokana na maarifa ya aliyeushika kuliko mti alioushika. Wanyama wamepungua na sheria imeamua, kwa hiyo mahali pake si porini tena. Maarifa yenyewe hayajakatazwa na mtu. Kusoma nyayo kunahitajika katika kazi ya askari wa wanyamapori, uhunzi na uchongaji vinaweza kufundishwa, na alama za mishale ni kumbukumbu ya koo zilizo hai. Wazee wanaoyajua haya wanazidi kupungua, na kaunti za Kitui na Makueni zinapaswa kuyaandika maarifa yao sasa, kwa majina ya miti, ya zana na ya stadi katika Kikamba chenyewe.