Kikomo Kama Msingi wa Ushirikiano: Hesabu ya Mapambano katika City of Heroes

Swali moja hurudi kila panapojadiliwa nguvu za kupigana katika michezo ya mtandaoni ya mashujaa: kwa nini shujaa awekewe mipaka, ilhali ushujaa wenyewe ni kuuvuka uwezo wa binadamu wa kawaida? City of Heroes, mchezo uliotengenezwa na Cryptic Studios na kutolewa na NCsoft nchini Marekani mnamo Aprili 2004, unafaa sana kulichunguza swali hilo. Kanuni zake za hesabu zinajulikana kwa kina, na zilibadilishwa zaidi ya mara moja huku wachezaji walewale wakizitumia. Makala haya yanashikilia kwamba mchezo huo, kwa jinsi unavyokokotoa pigo na kinga, huufanya msaada wa mwenzako kuwa nguvu yenye thamani kuliko zote, lakini kwa sharti moja: kila mchezaji awe na kikomo cha anachoweza kujipatia peke yake. Sharti hilo likivunjwa, timu hubaki jina tu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Adui wa kawaida aliye ngazi sawa na mchezaji ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumpata kwa pigo lake. Kinga ya kukwepa hutolewa moja kwa moja kwenye namba hiyo: mwenye pointi 10 za ukwepaji hupatwa kwa asilimia 40 ya mapigo, mwenye 30 kwa asilimia 20. Hata hivyo uwezekano huo haushuki chini ya asilimia 5, wala haupandi juu ya 95. Kwa hiyo pointi 45 ndizo ukomo wa faida dhidi ya adui huyo. Kila kinachozidi hapo hakipunguzi pigo hata moja. Kanuni hii ya kutoa ina tokeo ambalo halionekani kwa haraka. Pointi tano za kwanza hushusha mapigo kutoka 50 hadi 45 katika kila 100, yaani moja ya kumi ya madhara. Pointi tano za mwisho, kutoka 40 hadi 45, hushusha mapigo kutoka 10 hadi 5, yaani nusu nzima. Pointi ni zilezile tano, lakini thamani yake hupanda kadiri mtu anavyoukaribia ukomo.

Sasa tumweke Defender katika picha hiyo, yule ambaye kazi yake kuu ni kuwakinga na kuwatia nguvu wenzake. Tuseme ngao yake inampa kila mwenzake pointi 20 za ukwepaji. Akimkinga Blaster, mshambuliaji wa mbali asiye na kinga yoyote, mapigo hushuka kutoka 50 hadi 30, nafuu ya asilimia 40. Akimkinga Scrapper, mpiganaji wa karibu mwenye pointi 25 zake mwenyewe, mapigo hushuka kutoka 25 hadi 5, nafuu ya asilimia 80. Ngao ni ileile, lakini humfaa maradufu yule ambaye tayari ana kitu. Hapa ndipo kikomo kinapofanya kazi yake. Kwa kuwa pointi za mwisho ndizo zenye thamani kubwa, swali la msingi ni nani anayezileta. Scrapper akiweza kufika 45 peke yake, ngao ya Defender humwongezea sifuri kamili dhidi ya adui huyo wa kawaida. Akiishia 25, mwenzake ndiye anayemletea sehemu iliyo bora kuliko yote aliyojitafutia.

Upande wa ukinzani, yaani kupunguza madhara ya pigo lililokwisha kukupata, unaonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Scrapper anaweza kufikia ukinzani wa asilimia 75. Tanker, yule wa kuyabeba mapigo kwa niaba ya timu, anaruhusiwa hadi 90. Tofauti ya pointi 15 huonekana ndogo mpaka tuangalie kinachobaki: wa kwanza humezeshwa robo ya madhara, wa pili sehemu moja ya kumi. Katika mapambano yaleyale, Tanker aliye kwenye ukomo wake huumizwa mara mbili na nusu pungufu. Hata Defender awamwagie wote wawili msaada usio na mwisho, pengo hilo halizibiki. Nafasi ya Tanker kama mtu wa kusimama mbele hailindwi na jina la nguvu zake bali na ukomo aliopewa yeye na kunyimwa wengine wengi. Bila tofauti hiyo, kundi la watu wanane lisingekuwa na sababu ya kumtafuta.

Historia ya mchezo inaiunga mkono hoja hii. Mwanzoni kila nguvu iliweza kujazwa viboreshaji sita vya aina moja. Viboreshaji sita vya madhara, kila kimoja asilimia 33, viliongeza karibu asilimia 200, yaani pigo likawa karibu mara tatu. Tanker mwenye moto aliweza kuzunguka ramani akiwakusanya maadui wote kisha kuwateketeza mahali pamoja, wenzake wakisubiri mlangoni. Mwaka 2005 wabunifu walipunguza kinga, wakaweka kikomo cha maadui 17 ambao mtu mmoja anaweza kuwavuta, na mnamo Oktoba wakaleta kanuni ya faida inayopungua: viboreshaji vitatu vya kwanza vya madhara vikabaki na karibu asilimia 95, na vitatu vya ziada vyote kwa pamoja vikaleta kama 15 tu. Kazi ya yule anayepunguza kinga za maadui, anayewashikilia wasitembee au anayewarudishia wenzake pumzi ikapata uzito ambao haikuwa nao.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mashabiki wa hadithi za mashujaa hawaji kutafuta mizani; wanakuja kuonja uwezo usio wa kawaida. Pingamizi hili lina ukweli, na mchezo uliliheshimu kwa kumpa kila mchezaji uwezo wa kuwakabili maadui kadhaa kwa wakati mmoja tangu ngazi za chini. Lakini linasahau kwamba ulimwengu wa mtandaoni hauna mhusika mkuu mmoja. Katika timu ya wanane, shujaa asiye na mpaka hupata raha yake kwa kuwageuza saba kuwa watazamaji, nao pia walikuja kuwa mashujaa. Pingamizi la pili linahusu haki: watu waliojenga wahusika wao kwa miezi mingi walibadilishiwa kanuni katikati ya safari. Malalamiko hayo yalikuwa ya halali, na mbunifu anayeweka mipaka anapaswa kuiweka mapema. Hata hivyo yanahusu wakati na namna ya kuweka kikomo. Hayagusi swali la kama kikomo kinahitajika.

Pingamizi zito zaidi linatokana na miaka iliyofuata. Mwaka 2007 vilikuja viboreshaji vya seti, ambavyo vikipangwa kwa ustadi humfikisha hata Blaster kwenye pointi 45, na wengi waliufurahia uhuru huo. Je, hilo halithibitishi kwamba timu inaweza kuishi bila kikomo? Tazama kilichofuata. Katika mapambano ya ngazi ya Incarnate, hatua ya juu kabisa ya mchezo, wabunifu waliwapa maadui uwezekano wa msingi wa asilimia 64, hivyo ukomo wa ukwepaji ukasogea hadi 59. Kikomo kilirudi, na asiye na seti za gharama bado ndiye aliyepatwa zaidi: aliye na pointi 45 sasa alipatwa kwa asilimia 19 ya mapigo badala ya 5, na asiye na kitu kwa 64. Aidha, hata dhidi ya adui wa kawaida, mwenye 45 anayepigwa na nguvu ya kumwondolea pointi 10 hupanda ghafla kutoka mapigo 5 hadi 15 katika kila 100, na kila pigo jipya lenye athari hiyo humchimbia zaidi. Anayetegemea kinga yake pekee huanguka kwa kasi. Aliye na ngao ya mwenzake juu ya yake ana akiba ya kunyonya pigo hilo.

Kwa hiyo wanaotathmini au kubuni michezo ya aina hii wasiishie kupima nguvu moja moja na kuuliza ipi ni kali kuliko nyingine. Kipimo kinachofaa zaidi ni kuuliza mchezaji aliyejikamilisha kadiri kanuni zinavyomruhusu bado ananufaika kwa kiasi gani anapoungana na wengine. Jibu likiwa sifuri, mchezo umewaweka watu pamoja bila kuwapa sababu ya kuhitajiana. City of Heroes ilipoweka vikomo vyake mahali panapofaa, ilitoa jibu kubwa kuliko sifuri. Naamini hiyo ndiyo sababu iliyo imara zaidi ya kuendelea kuusoma kwa makini mchezo ambao seva zake rasmi zilizimwa Novemba 2012, na ambao jumuiya ya Homecoming ilipewa leseni na NCsoft ya kuuendesha Januari 2024.