Baringo: Kabla ya safari, uliza kwanza maji yamefika wapi

MSAFIRI anayeteremka kutoka Kabarnet kuelekea Marigat huliona Ziwa Baringo kitambo kabla ya kulifikia. Maji yake yametanda bondeni, milima ya Tugen ikiwa magharibi na kuta za nyanda za juu za Laikipia zikiwa mashariki.

Asichoweza kukitambua akiwa huko juu ni kwamba ufuo wanaoukumbuka wazee umefunikwa na maji.

Ziwa hili lilianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kufikia mwaka 2020 lilikuwa limemeza nyumba, hoteli, shule, zahanati na malisho. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilitaja mvua nyingi na uharibifu wa ardhi miongoni mwa sababu. Ramani na vitabu vya utalii vya kabla ya hapo vinaweza kumpeleka mgeni kwenye mlango wa hoteli iliyomo majini.

Kwa hivyo, swali la kwanza la mgeni lisiwe bei ya chumba, bali maji yamefika wapi.

Kufika

Njia ya kawaida ni kutoka Nakuru kupitia Mogotio, ambako barabara huvuka mstari wa ikweta, hadi Marigat, mwendo wa kilomita 100 hivi. Kituo cha wageni ni Kampi ya Samaki, kilomita 20 mbele. Matatu hufika Marigat kila siku.

Anayetoka Eldoret hupitia Iten, akashuka Bonde la Kerio na kupanda tena hadi Kabarnet. Njia hii ina kona nyingi, lakini mandhari yake hayana kifani.

Ziwani

Baringo ni ziwa la maji baridi ingawa halina mto unaotoka humo. Maji yake huaminika kupenya chini ya miamba ya volkano upande wa kaskazini. Mito ya Molo na Perkerra huliletea maji pamoja na udongo mwingi.

Tembelea ziwa alfajiri, kabla ya jua kuwa kali. Zaidi ya spishi 400 za ndege zimerekodiwa katika eneo hili. Kisiwa cha Ol Kokwe kina chemchemi za maji moto, na wavuvi wa Ilchamus bado hutumia mitumbwi midogo ya miti myepesi. Samaki wa hapa ni tilapia, kambare na kamongo.

Usiogelee. Mamba na viboko wamo, na maji yalipopanda waliwafuata watu karibu na maboma. Vaa jaketi la kuokolea maisha, na usiku lala ndani ya chandarua kwa sababu ya malaria.

Kumbukumbu

Wailchamus, ambao husema lahaja ya Kimaasai, walikuwa wakulima hodari wa kunyunyizia mashamba maji. Katika karne ya 19, nafaka yao ililisha misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani. Mvumbuzi Joseph Thomson alifika huku mwaka 1883.

Katika milima ya Tugen, mwaka 2000, watafiti walichimbua mifupa ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi yapata miaka milioni sita iliyopita. Jumba la makumbusho la Kabarnet linafaa kutembelewa kabla ya kushuka ziwani.

Kusini kuna Ziwa Bogoria la maji ya chumvi, lenye heroe na chemchemi zinazotokota. Nalo limepanda, na kumekuwa na hofu kwamba chumvi yake ingeharibu maji ya Baringo iwapo maziwa hayo yangeungana.

Wanyama pia walihamishwa. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, twiga waliozingirwa na maji Longicharo walivushwa kwa chelezo hadi nchi kavu.

Usalama

Baadhi ya maeneo ya kaunti hii, hasa kaskazini, yameathiriwa na wizi wa mifugo wa kutumia silaha; mnamo Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi kuwasaidia polisi. Pata ushauri Marigat kabla ya kuendelea kaskazini, na usisafiri usiku.

Malipo

Kubaliana bei ya boti kabla ya kupanda, na ununue asali kwa wenyeji walioirina. Pesa hizo zina uzito mahali ambapo familia nyingi zilipoteza ardhi bila kuihama kwa hiari.

Kisha mwombe nahodha akuonyeshe palipokuwa ufuo. Hilo halimo katika kitabu chochote cha zamani, na ndiyo habari kuu ya Baringo ya leo.